Feritini 43, kilo 49: uchambuzi wa kisa cha madini katika damu ya mtoto mnene

Msichana, miaka 10, darasa la nne, anaishi Tabata, Dar es Salaam, na mama yake, bibi yake na mdogo wake wa kiume. Kilo 49, urefu sentimita 141. BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni 24.6. Kwa chati ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007, msichana wa umri huu akivuka 19.0 ana uzito uliozidi, akivuka 22.6 ana kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Kwa hiyo hapo hakuna ubishi. Ila si kiribatumbo kilichomleta kliniki. Kilichomleta ni uchovu: akirudi shule analala mpaka magharibi, mwalimu analalamika kuwa anasinzia darasani, na kwenye rede wenzake wameacha kumchagua kwa sababu anaishiwa pumzi mapema.

Niseme kabla sijaendelea kwamba kisa hiki nimekisuka kutoka kwa watoto zaidi ya mmoja na namba nimezirekebisha zifae kufundishia, ili asitambulike yeyote.

Mama hakuja mikono mitupu. Alikuwa amepita kituo kimoja binafsi kinachopima "madini mwilini", akapewa karatasi yenye mistari mitano. Chuma kwenye damu kilikuwa chini. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma, ilikuwa 43, mbele yake pameandikwa "kawaida". Zinki 61, kwa wino mwekundu: chini. Shaba 178, wino mwekundu tena: juu. Risasi, ile metali yenye sumu, 4.1, juu. Chini ya karatasi kulikuwa na ushauri: atumie zinki miezi sita, anunuliwe kifurushi cha kuondoa sumu, na vidonge vya kuongeza damu havihitajiki kwa kuwa akiba ya chuma iko sawa. Kila mstari ulikuwa umesomwa, na karibu kila mstari ulisomwa kinyume.

"Dokta," mama aliniuliza, "mtoto mnene namna hii anapungukiwaje?"

Ni swali zuri kuliko ile karatasi. Kwetu mtoto akinenepa watu husema amenawiri, na mama yake husifiwa. Upungufu tunaujua kwa sura ya mtoto aliyekonda. Kumbe tangu mwaka 1962 imeandikwa katika majarida ya kitabibu kwamba vijana wanene wana chuma kidogo kwenye damu kuliko wenzao. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichambua takwimu za watoto zaidi ya 9,000 wa miaka 2 hadi 16 wakakuta upungufu wa chuma kwa asilimia 2.1 ya wenye uzito wa kawaida, na asilimia 5.5 ya wenye uzito uliozidi. Miaka ile wengi walidhani ni chakula tu: chipsi na soda hazina chuma, basi. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini hayatoshi, kwa sababu watoto wanene huonekana kupungukiwa hata pale sahani zao zinapokuwa na chuma kama za wenzao.

Chuma

Mwili wa binadamu hauna mlango wa kutolea chuma kilichozidi. Tunapoteza kidogo kupitia ngozi na seli za utumbo zinazopukutika, na kingi zaidi damu inapomwagika. Kwa hiyo udhibiti wote uko mahali pa kuingilia, utumboni, na bawabu wake ni homoni ndogo inayotengenezwa na ini. Inaitwa hepsidini, na haikujulikana mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hepsidini ikipanda huziba feropotini, yaani tundu ambalo chuma hupitia kutoka kwenye seli za utumbo kuingia kwenye damu. Chuma ulichokula hubaki ndani ya seli hizo. Baada ya siku chache seli zinapukutika, na chuma chako kinaishia chooni. Tundu hilohilo lipo kwenye seli za wengu na ini zinazomeza chembe nyekundu zilizozeeka. Nazo zikizibiwa, chuma cha kutumika upya kinafungiwa ndani.

Kwa nini mwili ujinyime hivyo? Kwa sababu vijidudu navyo vinahitaji chuma. Ukipata maambukizi, ini linaambiwa lifiche chuma, na mjumbe mmojawapo anayepeleka amri hiyo ni kemikali iitwayo interlukini-6. Hapo ndipo mafuta ya mwili yanapoingia kwenye hadithi. Tishu ya mafuta iliyojaa kupita kiasi si gunia lililowekwa stoo. Huvutia seli za kinga, na pamoja hutoa interlukini-6 kidogokidogo, mchana na usiku, bila mtoto kuugua. Wataalamu huita hali hiyo mchochota wa chini kwa chini. Mimi huwaambia wazazi ni kama homa isiyo na joto: kipimajoto hakiioni, lakini ini linaitii.

Sasa turudi kwenye 43. Feritini ni protini inayohifadhi chuma, na kwa mtoto mwenye afya kiasi chake kwenye damu kinaonyesha vizuri ukubwa wa akiba. Shida ni kwamba hupanda pia wakati wa mchochota, akiba iwe imejaa au imekauka. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 una mistari miwili kwa walio na umri wa miaka mitano na zaidi: mikrogramu 15 kwa lita kama mtu ni mzima, na 70 kama ana maambukizi au mchochota. Kituo kile kilitumia mstari wa kwanza bila kuuliza swali la pili.

Swali la pili ni CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na maambukizi au mchochota. Tulipima, ikawa 12, yaani juu. Hiyo peke yake haitoshi kuusingizia unene. Dar es Salaam mtoto anaweza kuwa na CRP ya 12 kwa mafua, jino bovu au malaria. Tukapima malaria, hakuna. Mkojo safi, meno mazima. Tukamrudisha baada ya wiki mbili: CRP 9. Maambukizi ya kawaida yangekuwa yamekwisha. Hapo nilikubali kwamba 43 yake isomwe kwa mstari wa 70, na kwa mstari huo mtoto huyu ana upungufu wa chuma.

Nikiri kuwa namba 70 siipendi sana. Inamhesabu mtoto mwenye CRP ya 6 sawa na mwenye 60, na ukiitumia kwa pupa utawapa vidonge watoto wasiovihitaji. Kwa hiyo nilitafuta mashahidi wengine. Transferini, protini inayobeba chuma kwenye damu, ilikuwa imejaa asilimia 10 tu. Chini ya 16 huwa ni dalili kwamba uboho, unaotengeneza damu, haupati chuma cha kutosha. Ukubwa wa chembe nyekundu kwenye FBP, kipimo cha jumla cha chembe za damu, ulikuwa 74, yaani chembe ndogo. Wingi wa damu ulikuwa 11.7, na kwa umri wake upungufu wa damu unaanza chini ya 11.5. Alikuwa amebaki upande salama kwa 0.2 tu, na ndiyo sababu kila aliyetazama wingi wa damu peke yake alimrudisha nyumbani.

Chembe ndogo nazo zina hila yake. Pwani ya Afrika Mashariki watu wengi wamerithi talasemia ya alfa ya kiwango kidogo, ambayo hufanya chembe ziwe ndogo maisha yote bila madhara yoyote. Hatukuwa na kipimo chake, tukaamua kuona kama chembe zitakua akipewa chuma. Choo kilipimwa minyoo ya safura, haikuonekana. Hedhi alikuwa hajaanza.

Zinki na shaba

Hapa sitakaa sana, ingawa ndipo kituo kile kilipotaka kuuza.

Damu ni daladala, si mtaa. Zinki iliyomo kwenye maji ya damu haifiki hata asilimia 1 ya zinki yote ya mwilini. Iliyobaki iko kwenye misuli, mifupa, ngozi, ini. Ukihesabu abiria wa daladala moja saa nne asubuhi huwezi kutangaza kwamba Tabata imehamwa. Na saa yenyewe ina maana: zinki ya damu hushuka kadiri siku inavyosonga. Kwa msichana wa miaka 10 na kuendelea, kikomo kinachotumika kimataifa ni mikrogramu 70 kwa desilita asubuhi kabla hajala, 66 asubuhi akiwa amekula, na 59 mchana. Nikamuuliza mama damu ilichukuliwa saa ngapi. "Baada ya kutoka shule, kama saa tisa." Basi 61 ile, iliyopigwa wino mwekundu, ilikuwa juu ya kikomo cha saa yake. Tena mchochota huivuta zinki kutoka kwenye damu kuipeleka ini, kwa hiyo hata ingekuwa 57 ningesita.

Sisemi zinki haihusiani na unene. Insulini hukaa kwenye kongosho ikiwa imefungwa vifurushi vya molekuli sita, na kinachovishikilia ni zinki. Huko Isfahan, Iran, watoto 60 wenye kiribatumbo na dalili za awali za matatizo ya sukari na mafuta ya damu walipewa miligramu 20 za zinki kwa wiki nane, na ukinzani wa insulini ukapungua, yaani mwili ukaitii insulini vizuri zaidi. Ni jambo la kufuatilia. Lakini watoto 60 kwa wiki nane hawampi mtu ruhusa ya kumuuzia mama zinki ya miezi sita. Kina mama wanaijua zinki ya kuharisha: kidonge kimoja kwa siku, siku 10, imekwisha. Ukiimeza kwa wingi kwa miezi, zinki inazuia shaba isiingie mwilini, na mtu aliyepungukiwa shaba hupata upungufu wa damu. Yaani dawa ile ingeweza kumzidishia uchovu uleule aliokuja nao.

Na shaba yenyewe? Sehemu kubwa ya shaba ya damu hubebwa na protini ya seruloplazmini, ambayo nayo hupanda wakati wa mchochota. Kwa hiyo 178 haikuwa sumu. Ilikuwa CRP kwa jina lingine. Inachekesha kidogo, kwa sababu kazi mojawapo ya seruloplazmini ni kukisaidia chuma kitoke kwenye seli na kushikwa na transferini. Kifurushi cha "kuondoa sumu ya shaba" kingekuwa kinampiga vita mtu wa msaada.

Risasi

Mstari huu ndio nusura niupite haraka, na ndio uliokuwa na habari.

Risasi 4.1 mikrogramu kwa desilita. Marekani tangu mwaka 2021 wanatumia 3.5 kama namba ya kuamsha uchunguzi, si kwa kuwa chini yake ni salama, bali kwa kuwa ni asilimia chache tu ya watoto wao wadogo wanaoivuka. Shirika la Afya Duniani, mwaka huohuo, lilisema ikifika 5 chanzo kitafutwe na kiondolewe. Kiwango salama hakijulikani. Kwa hiyo 4.1 si dharura, lakini inatoka mahali. Hakuna mwili unaotengeneza risasi.

Kuhusu risasi na unene wenyewe, utafiti unavutana. Huko Massachusetts, mwaka 1995, watoto waliokuwa na risasi nyingi kwenye meno walionekana kuwa na uzito mkubwa kwa urefu wao. Takwimu za taifa la Marekani zilizotolewa mwaka 2013 zilionyesha kinyume: risasi ikiwa juu kwenye damu, BMI iko chini. Sioni ajabu. Jino hutunza kumbukumbu ya miaka, damu ya wiki chache tu, na mtoto mnene ana damu nyingi zaidi ya kuichanganyia. Kwa mtoto aliye mbele yangu sikuhitaji kumaliza mabishano hayo. Nilihitaji kujua anaitoa wapi.

Tukauliza yale ya kawaida. Baba ni fundi betri? Hapana, hakai nao. Karibu na nyumba pana watu wanaoyeyusha betri kuukuu? Hapana. (Anayedhani swali hili ni la kuzidisha akumbuke Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwajaza watu risasi mpaka mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.) Rangi za ukutani zinabanduka? Kidogo, chumba cha nyuma. Nilikuwa nimeanza kuandika "rangi" nilipokumbuka kwamba aliyekuja na mtoto safari hii ya pili si mama, ni bibi.

"Shikamoo bibi. Mjukuu wako anapenda kutafuna nini?"

"Marahaba mwanangu. Huyu? Huyu mchele mbichi anaumaliza kwenye ungo. Na pemba."

Pemba ni ule udongo wa kuliwa, vijiti vilivyokaushwa, vinavyouzwa sokoni kwa ajili ya wajawazito. Binti alikuwa akinunua getini shuleni, kwa hela ya nauli. Mama hakujua. Bibi alijua ila hakuona tatizo. Hata yeye aliula udongo huo katika mimba zake zote. Mimi pia sikuwa nimeuliza, na kwenye daftari langu la siku ya kwanza mahali pa "vyakula vya ajabu" nimepiga mstari. Niliona mtoto mnene nikauliza soda, chipsi, juisi za boksi. Swali la udongo huwa nawauliza watoto waliokonda.

Hapo mistari ya karatasi ikaanza kusimuliana. Mtu aliyepungukiwa chuma mara nyingi hutamani kutafuna vitu visivyo chakula, mchele mbichi, barafu, udongo. Udongo unaweza kukamata chuma tumboni kisifyonzwe, na unaweza kubeba madini mazito. Mwaka 2014 ulitolewa utafiti uliopima kilichomo kwenye udongo wanaokula wajawazito wa maeneo ya machimbo ya dhahabu Geita, na haukuwa usomaji wa kufurahisha. Zaidi ya hapo, mlango ambao chuma huingilia kwenye seli za utumbo hupitisha pia risasi, na chuma kinapopungua milango hiyo huongezwa. Mafuta yanapandisha hepsidini, chuma kinakwama, mtoto anatamani udongo, udongo unaleta risasi, na utumbo wake umefungua milango kuipokea. Siwezi kuthibitisha kila pingili ya mnyororo huu kwa mtoto mmoja. Lakini unaeleza karatasi nzima vizuri kuliko kifurushi.

Tulichofanya

Zinki haikuanzishwa. Kifurushi hakikununuliwa. Chuma tulimpa kidonge kimoja chenye miligramu 60, siku moja ndiyo, siku inayofuata hapana. Sababu ni hepsidini hiyohiyo: kidonge cha chuma chenyewe huipandisha kwa karibu siku nzima, na majaribio ya Zurich kwa wanawake waliopungukiwa chuma yameonyesha kwamba ukiruka siku unafyonza sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge. Ni wanawake, si watoto wanene, najua. Lakini tumbo lilimsumbua kidogo kuliko watoto ninaowapa kila siku, na vidonge alimaliza.

Chai ilihamishwa. Hili lilileta ugomvi kuliko udongo, maana nyumba ile chai ya rangi huandamana na kila mlo, na chai huzuia chuma cha maharage na mchicha. Sasa inanyweka saa mbili baada ya kula. Dagaa na maini vikaongezwa, limau likakamuliwa juu ya maharage, soda ikabaki ya Jumapili. Sikumwandikia kupungua kilo. Kwa mtoto anayerefuka inatosha uzito usimame na kimo kiendelee. Kikubwa ni kwamba kutibu mchochota ni sehemu ya kutibu chuma: watafiti wa Italia mwaka 2010 waliwafuata watoto wanene waliopunguza uzito, wakaona hepsidini ikishuka na chuma kikifyonzwa vizuri zaidi.

Udongo ulikatazwa, na hela ya nauli ikawa inatolewa kwa kuhesabu. Na kwa sababu risasi haichagui mtu mmoja nyumbani, nikaomba mdogo wake apimwe. Miaka miwili, mwembamba, mchangamfu, hakuna aliyewahi kuwa na wasiwasi naye. Risasi yake ilikuwa 7.2.

Baada ya miezi mitano

Binti alikuwa na kilo 48 na sentimita 144, BMI 23.1. Bado kiribatumbo, lakini anacheza rede. Wingi wa damu 12.4. Chembe nyekundu zimekua kutoka 74 hadi 79, kwa hiyo talasemia, kama ipo, haikuwa kisa chote. Transferini imejaa asilimia 19. CRP 3. Shaba 139, bila mtu kuitibu. Risasi 2.8. Zinki sikuirudia, sikuwa na swali ambalo ingelijibu.

Mama alipofika kwenye feritini alishtuka. "Dokta, imeshuka! Ilikuwa 43, sasa 36. Na vidonge vyote vile!"

Imeshuka kwa sababu mchochota umeshuka. Ile 43 ilikuwa na povu, hii 36 ni chai tupu. Na CRP ikiwa 3, mstari wake si 70 tena, ni 15. Nilimchorea mara mbili nyuma ya karatasi ileile ya kituo, na sina hakika kama aliniamini mimi au aliamini kwamba mtoto halali tena mchana.

Mdogo wake ametoka 7.2 hadi 6.1 tu. Yeye udongo hali, na rangi ya chumba cha nyuma ilishakwanguliwa kwa maji na kupakwa upya. Nilipomwinua kumpima urefu niliona macho yake yamepakwa wanja, vizuri, kama bibi alivyowapaka wote tangu wazaliwe. Wanja mwingine ni masizi na mafuta. Mwingine ni salfaidi ya risasi iliyosagwa. Kikopo cha bibi kiko ndani ya mfuko wa plastiki kwenye kabati langu, tunasubiri maabara ya kukipima.